Tamasha la Bure la Vitabu vya Watoto: Lipi Linastahili Siku Yako ya Mapumziko

Ukiondoa maputo, muziki na mtu mzima aliyevaa vazi la dubu, tamasha la bure la vitabu vya watoto hubaki na kazi mbili. Mtoto aondoke na kitabu alichokichagua mwenyewe, na mzazi aondoke akiwa ameona kwa macho yake namna mtoto anavyosomewa. Tamasha likitimiza hayo mawili, mengine yote ni ziada. Likishindwa, hata jukwaa lenye taa na matarumbeta haliliokoi. Tathmini hii inagawa alama kwa kufuata kipimo hicho: meza ya vitabu 40, hema la hadithi 30, na 30 zilizobaki ni za kila kitu kingine, pamoja na vyoo.

Meza ya vitabu: alama 40

Hapa ndipo matamasha mengi hupwaya, na si kwa uhaba wa vitabu. Vitabu huwapo, ila hutolewa ovyo.

Tuseme waandaaji wana vitabu 600 na tamasha ni la saa tano. Masanduku yote yakifunguliwa kwa pamoja, familia za kwanza huchukua vizuri, waliofika katikati hukuta mabaki, na wa mwisho hukuta kitambaa cha meza. Dawa yake ni hesabu ndogo: vitabu 120 kwa kila saa, sanduku la saa inayofuata lisiguswe kabla ya wakati wake, na visivyochukuliwa viongezwe kwenye fungu linalofuata. Tamasha lililojipanga hivyo utalitambua kwa masanduku yaliyofungwa chini ya meza, kila moja limeandikwa namba ya saa yake. Ukikuta yote yamepasuliwa na marundo yamefurika mezani nusu saa tu baada ya kufunguliwa, wapeleke watoto hapo kwanza. Mengine yatasubiri.

Baada ya idadi huja uchaguzi. Nakala 300 za kitabu kimoja huijaza meza bila kumpa mtoto cha kuchagua. Mara nyingi ni akiba iliyomkwama mchapishaji ghalani. Meza ya kuridhisha ina walau vichwa vinane hadi kumi tofauti kwa kila kundi la umri, na makundi ni manne: miaka 0 hadi 2, 3 hadi 5, 6 hadi 8, na 9 hadi 12. Wanaoonewa ni wa pembeni, wachanga na wakubwa. Wafadhili hupenda kutoa vitabu vya picha vya watoto wa chekechea kwa sababu vinavutia machoni, basi msichana wa miaka 11 anakabidhiwa hadithi ya sungura aliyepoteza kofia, na mtoto wa miezi minane anapewa kitabu cha karatasi laini kitakachochanika kabla ya kufika nyumbani. Mchanga anahitaji kurasa za kadibodi nene, pembe zilizoviringwa, na picha moja kubwa kwa kila ukurasa, maana atakisoma kwa mdomo kwanza.

Kuhusu nani achague, ushahidi upo. Richard Allington na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2010 utafiti ambamo watoto wa familia za kipato cha chini waliachwa wajichagulie vitabu 12 kabla ya likizo ndefu, kwa miaka 3 mfululizo. Kwenye mtihani wa kusoma walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa vitabu, na vilivyopendwa havikuwa vile ambavyo mwalimu angevichagua. Ndiyo maana mhudumu anayechomoa kitabu na kumwambia mtoto “shika hiki, kizuri” anapunguziwa alama hapa, hata akitabasamu. Mzazi naye asijione yuko salama: anayemnyang'anya mtoto kitabu cha papa wenye meno na kumtwisha kitabu cha maadili mema anaharibu zawadi mbele ya aliyeitoa.

Mpangilio wenyewe una mambo ambayo waandaaji wengi hawayaoni kwa sababu wao ni warefu. Meza ya kawaida ina urefu wa sentimita 70 hadi 75. Mtoto wa miaka mitatu ana karibu sentimita 95 akisimama, kwa hiyo macho yake yanatazama ukingo wa meza na kidogo tu juu yake. Vitabu vya wadogo viwekwe kwenye mabenchi ya sentimita 40 au ndani ya masanduku ya kina kifupi juu ya mkeka. Tena vilazwe jalada likitazama juu au mbele. Kitabu kilichopangwa rafuni kikionyesha mgongo tu hakimwambii lolote mtoto asiyejua kusoma, na hao ndio wateja wakubwa wa siku hiyo. Hasara ya kulaza majalada ni nafasi: meza ya urefu wa mita 1.8 hubeba vitabu 20 hivi vya picha vikilazwa kwa starehe, basi pawe na mhudumu wa kujaza nafasi zinazoachwa na mwingine wa kuzungumza na watoto. Mhudumu mmoja akifanya kazi zote mbili, mojawapo hufa, na huwa ni ile ya kuzungumza.

Kwa mtoto anayejisomea mwenyewe, msaada wa haraka pale mezani ni kanuni ya vidole vitano. Afungue ukurasa wowote wa katikati, asome kwa sauti, na ainue kidole kimoja kwa kila neno linalomshinda. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vitano kabla ukurasa haujaisha, bado ni kigumu kukisoma peke yake. Hilo halimaanishi kirudishwe. Kinahamia kwenye fungu la vitabu vya kusomewa na mkubwa. Matamasha machache hubandika kanuni hii ukutani karibu na meza ya miaka 6 hadi 8, na mabango hayo huwa na kazi kuliko picha za wafadhili.

Vitabu vilivyotumika havina ubaya wowote vikichambuliwa. Visipochambuliwa, meza hugeuka jalala la kabati za watu: vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kubadilishwa, kamusi zilizokosa herufi A, majarida ya biashara. Kabla ya kuondoka na cha mtumba, fanya ukaguzi wa nusu dakika. Kinuse, kwa sababu ukungu una harufu kabla haujaonekana, na ukiingia nyumbani huhamia vitabu vingine. Kipeperushe kurasa zote hadi mwisho, kwa sababu ukurasa unaokosekana zaidi ni ule wa mwisho. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya 8 au 16; ukihesabu ukakuta 30, karatasi moja imeng'oka. Na kama ni kile chenye vijidirisha vya kufunua, jaribu kila kimoja.

Neno “bure” nalo lipimwe. Yapo matamasha ambamo kitabu hakitoki mpaka mzazi ajaze fomu yenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule na namba ya simu, na wiki inayofuata simu zinaanza kulia. Kuhesabu watoto hakuhitaji hayo yote: alama ya kalamu kwenye karatasi kwa kila kundi la umri inatosha kuwapa wafadhili takwimu zao. Meza inayodai taarifa za mtoto ili impe kitabu inapoteza alama kumi papo hapo. Picha ni vivyo hivyo. Mwandaaji mwangalifu ana utepe au kibandiko cha rangi kwa watoto ambao wazazi wao hawataki wapigwe picha, na mpigapicha anaijua rangi hiyo.

Hema la hadithi: alama 30

Kitabu cha picha cha kawaida huonekana vizuri kwa watoto waliokaa ndani ya mita tatu hivi. Hao ni watoto 25, wakibanana 30, katika safu tatu au nne mkekani. Kuanzia safu ya tano ni watoto wanaosikiliza sauti huku wakitazama migongo ya wenzao, na hapo ndipo kusukumana huanza. Kwa hiyo hema lenye watoto 80 na msomaji aliyeshika kitabu cha sentimita 25 limeshindwa kabla hajafungua kinywa, hata awe hodari namna gani.

Kuna njia tatu za kulitatua. Ya kwanza ni kugawa vipindi kwa vikaratasi vya namba, watoto 30 kwa kila kipindi, vikitolewa nusu saa kabla. Ya pili ni kitabu kikubwa cha kusomea kundi, cha urefu wa nusu mita au zaidi, mtindo uliosambazwa na walimu wa New Zealand wakiongozwa na kazi ya Don Holdaway katika miaka ya 1970. Kikubwa hicho kinataka kiegemeo chake; msomaji anayejaribu kukishika kwa mikono huchoka kufikia ukurasa wa kumi na kuanza kukiinamisha. Ya tatu, na tunayoipa alama za juu kwa kundi la watoto 50 hadi 60, ni kamishibai ya Kijapani, iliyokuwa burudani kubwa ya mitaani nchini Japani katika miaka ya 1930. Ni picha kwenye kadi ngumu zilizosimamishwa ndani ya fremu ya mbao. Ujanja uko nyuma: maneno ya picha ya pili yameandikwa mgongoni mwa kadi ya kwanza. Msimulizi akiichomoa kadi ya kwanza na kuirudisha nyuma ya fungu, maneno anayoyahitaji yanakuwa yanamtazama yeye, huku picha ya pili ikiwatazama watoto. Kadi zikichanganyika mpangilio hadithi yote inakwenda mrama, kwa hiyo zina namba, na msimulizi anayejua kazi huzihesabu kabla ya kukaa.

Projekta haimo katika orodha hii. Mchana, ndani ya hema jeupe, picha yake hufifia hadi ikawa ukungu.

Sauti ndiyo mwuaji wa kimyakimya wa mahema ya hadithi. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, maana yake spika moja kubwa iliyowekwa mbele huwaumiza masikio walio safu ya kwanza na bado haiwafikii vizuri wa nyuma. Spika mbili ndogo, moja kila upande, zikiwa usawa wa masikio ya watoto waliokaa, hufanya kazi nzuri zaidi kwa sauti ya chini. Msomaji avae kipaza sauti cha kichwani. Cha kushika mkononi kinamnyima mkono: mmoja umeshika kipaza, mwingine umeshika kitabu, na wa kufungua kurasa hakuna. Matokeo yake kitabu kinalazwa mapajani, na watoto wanabaki kuangalia jalada la nyuma. Spika za jukwaa kuu nazo zielekezwe kwingine. Ni ajabu namna waandaaji wanavyoweza kutumia fedha nyingi kumwalika msimulizi bora, kisha wakampangia hema linalotazamana na kwaya ikijaribu mitambo. Debe tupu lavuma zaidi, lakini siku hiyo lenye vitu ndilo lilitakiwa lisikike.

Jua lina kanuni yake pia. Msomaji asikae jua likiwa mgongoni kwake, kwa sababu watoto wote watakuwa wamekunja nyuso. Likiwa nyuma ya watoto linamulika kitabu vizuri, ila kurasa zenye mng'ao hurudisha mwanga. Akiinamisha sehemu ya juu ya kitabu mbele kidogo, mng'ao unaondoka.

Muda wa kipindi utazamwe kwenye ratiba kabla ya kutoka nyumbani. Kwa wachanga walio mapajani, dakika 10 hadi 15 za kitabu kimoja kifupi na nyimbo za vidole. Kwa miaka 3 hadi 5, dakika 20: vitabu viwili, na katikati yake wasimame wajinyooshe. Kwa miaka 6 hadi 8, nusu saa. Ratiba inayoandika “Hadithi, saa moja, watoto wote” imeandikwa na mtu asiyewahi kukaa mkekani na mtoto wa miaka minne.

Halafu usomaji wenyewe. Kitabu cha maneno 500 kikisomwa vizuri kwa kundi kinakula dakika sita hadi nane. Anayekimaliza kwa tatu anasoma taarifa ya habari. Kinachotofautisha kipindi kizuri ni kile ambacho mzazi anaweza kukiiba na kwenda nacho nyumbani. Grover Whitehurst na wenzake walikichunguza mwaka 1988 kwa watoto wa miaka miwili hivi: wazazi waliofundishwa kuuliza na kuongezea badala ya kusoma moja kwa moja walikuza lugha ya watoto wao kwa tofauti iliyopimika ndani ya mwezi mmoja tu. Hatua ni nne na zinafuatana haraka. Msomaji anauliza: “Huyu anafanya nini?” Mtoto anajibu: “Anapanda.” Msomaji anakubali na kurefusha: “Ndiyo, anapanda mti mrefu.” Kisha anamrudishia: “Sema, mti mrefu.” Maswali ya ndiyo na hapana hayafiki mbali, na maswali mfululizo kwa kila ukurasa yanaua hadithi, mara nne au tano kwa kitabu kizima panatosha. Msomaji anayeeleza kwa sentensi mbili anachokifanya, akiwageukia wazazi mwishoni, anastahili alama kamili. Ni wachache mno, na ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kurekebishwa.

Mgeni wa heshima ni suala nyeti. Akipewa kitabu dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani, atasoma huku kitabu kimemfunika uso, hatafungua picha kwa watoto, na hotuba yake itakuwa ndefu kuliko hadithi. Waandaaji wenye busara humpelekea kitabu wiki moja mapema, kifupi, chenye kiitikio, na kumweka pembeni yake msimulizi mzoefu wa kufungua kurasa na kuongoza watoto kuitikia. Hapo hata asiye na kipaji hufanya vizuri.

Kukutana na waandishi na wachoraji

Hesabu haidanganyi. Saini moja pamoja na salamu na picha ya simu ni dakika moja na nusu, yaani watoto 40 kwa saa. Foleni ya watoto 90 kwa mwandishi atakayekaa saa moja ina watoto 50 watakaoondoka na machozi, na mhudumu alipaswa kuifunga kwa adabu mapema kwa kumsimamisha mtu mwenye bango “foleni inaishia hapa”. Kitu kidogo kinachoharakisha: vikaratasi vya kunata ambavyo mzazi anaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa na kukibandika kwenye ukurasa wa kusainiwa. Bila hivyo, kila jina linatajwa mara tatu na herufi zake kuulizwa moja moja.

Jambo la uwazi: kiingilio ni bure, lakini vitabu vya kusainiwa mara nyingi vinauzwa. Si kosa, waandishi nao wanakula. Kosa ni kumwacha mtoto apange foleni nusu saa ndipo aambiwe. Tamasha zuri huandika hilo mwanzo wa foleni, na huwa na kadi zenye mchoro wa kitabu ambazo mwandishi atamsainia asiyenunua.

Ukilazimika kuchagua kati ya mwandishi na mchoraji, nenda kwa mchoraji anayechora papo hapo kwenye karatasi ya A1, sentimita 59.4 kwa 84.1. Mwandishi akieleza kazi yake mtoto anasikia maneno tu. Mchoraji anauliza “tumpe masikio ya nani?” na watoto wanaona mhusika akizaliwa.

Michezo, mavazi na mihuri

Hatuna ugomvi na michezo. Ndiyo inayomleta mtoto asiyependa vitabu. Inapunguziwa alama inapoiba saa. Kuchora uso mmoja ni dakika nne au tano, yaani watoto 12 hadi 15 kwa saa kwa mchoraji mmoja. Palipo na mchoraji mmoja na watoto 40 kwenye mstari, familia yako itakaa hapo karibu saa tatu na kukosa vipindi vyote vya hadithi. Jumba la kurukia la hewa lina feni ambayo haizimwi hata dakika moja, vinginevyo jumba linalala, kwa hiyo mngurumo wake ni wa kutwa. Mahali pake ni mwisho kabisa wa uwanja.

Kadi ya mihuri, ambapo mtoto anazunguka vituo na akikamilisha anapewa kitabu, inapendwa sana na waandaaji na inatukera kidogo. Mtoto mdogo aliyechoka kwenye kituo cha nne kati ya sita ndiye anayenyimwa, na huyo ndiye aliyehitaji kitabu. Mihuri itoe kibandiko au alamisho. Kitabu kitolewe bila masharti.

Ufundi tunaoupigia debe ni kijitabu cha karatasi moja. Hauhitaji gundi wala stepla, na mtoto wa miaka sita anaumaliza kwa dakika kumi. Chukua A4 ya kawaida ya gramu 80; karatasi nzito kuliko 120 haikunjiki vizuri na kijitabu hubaki kimeachama. Ikunje katikati kwa urefu, kingo ndefu zikutane, uifungue. Ikunje kwa upana, kingo fupi zikutane, halafu mara nyingine tena kwa mwelekeo huohuo, na uifungue yote: una vyumba vinane. Sasa ikunje kwa upana mara moja tu. Kata kwa mkasi kuanzia upande uliokunjwa, ukifuata mstari wa katikati, na uishie kwenye mkunjo unaofuata. Fungua: kuna mpasuko katikati ya karatasi. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili na uzisukume zielekeane hadi mpasuko ufunguke na kurasa zisimame mfano wa msalaba, kisha uzilaze upande mmoja. Kurasa nane, pamoja na jalada. Karibu kila anayeharibu ameanza kukata upande ulio wazi badala ya ule uliokunjwa, hivyo mhudumu atie alama ya kalamu mahali pa kuanzia na pa kuishia kabla ya kugawa mikasi.

Lugha, masikio na macho

Meza yenye vitabu vya lugha moja tu katika mtaa wenye lugha tatu ni kasoro kubwa, na kisingizio cha kwamba havipatikani kimepungua nguvu. African Storybook na StoryWeaver, jukwaa lililozinduliwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, hutoa hadithi za picha zenye leseni huria katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa ukiwataja waliozitunga. Karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili, zikikunjwa na kubanwa stepla katikati, zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Tamasha lenye printa na mtu mmoja mwenye subira halina sababu ya kumrudisha mtoto mikono mitupu kwa ajili ya lugha.

Kwa watoto wanaozidiwa na kelele, tafuta hema la utulivu au saa tulivu, kwa kawaida saa ya kwanza, kabla ya muziki. Mkalimani wa lugha ya alama akae ubavuni mwa msomaji, ndani ya upeo uleule wa macho, na atulie kidogo baada ya kila picha kuonyeshwa, kwa sababu mtoto kiziwi hawezi kutazama picha na mikono kwa wakati mmoja. Msomaji asiyeelewa hilo hukimbilia ukurasa unaofuata. Vitabu vya nukta nundu na vya picha za kugusa ni haba kila mahali. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi wanachama kuruhusu nakala za aina hiyo zitengenezwe bila kibali cha kila mwenye haki, kwa hiyo maktaba iliyoalikwa ikija na hata vitatu, muulize mkutubi namna ya kuazima vingine.

Maktaba inastahili kutajwa zaidi kidogo. Meza yake ndiyo pekee inayoendelea kufanya kazi Jumatatu. Ikiandikisha wanachama na kutoa kadi palepale, ndani ya dakika tano, ipe alama zote. Ikikusanya fomu na kuahidi kadi baada ya wiki tatu, nusu ya wanaojaza hawatarudi.

Usalama, kwa ufupi

Hema la mita 3 kwa 3 linataka uzito wa kilo 18 hivi kwenye kila mguu. Chupa mbili za maji zilizofungwa kwa kamba ni urembo tu, na upepo wa ghafla hulinyanyua hema pamoja na vyuma vyake. Mwandikie mtoto namba yako ya simu kwenye utepe wa mkononi, tarakimu zikiwa upande wa ndani. Pawe na kituo kimoja cha watoto waliopotea, kimeonyeshwa kwenye ramani, na si kila mhudumu kuanzisha chake. Vyoo viwe na mahali pa kumbadilisha mtoto nepi. Pasipokuwapo, hema la wachanga litageuzwa kuwa pahali hapo, na kipindi cha hadithi kitanuka ipasavyo.

Lini, na kwa mpangilio gani

Matamasha mengi huwekwa karibu na 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen mwaka 1805. Tangu 1967 tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto na IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto lililoanzishwa mwaka 1953 kwa juhudi za Jella Lepman. Kila mwaka tawi la nchi moja hutoa bango na ujumbe kwa watoto, na tamasha dogo lisilo na fedha za mapambo linaweza kuanzia hapo. Mengine hufuata 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995.

Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka mitano, saa mbili zinatosha, na mpangilio wake uwe hivi: fika ndani ya nusu saa ya kwanza, chukua kikaratasi cha namba cha hema la hadithi, nenda meza ya vitabu wakati unasubiri, ingia kipindi, pita maktaba, ndipo michezo. Beba mfuko wa kitambaa wenye mikanda ya begani. Wakubwa wa miaka 9 na kuendelea wanaweza kubaki kutwa nzima kama kuna warsha za kuchora au kutunga, lakini warsha hizo hujaa mapema na mara nyingi hutaka kujiandikisha kabla.

Ambaye hawezi kufika mapema ana nafasi yake: nusu saa ya mwisho. Waandaaji wanaojua kazi huondoa kikomo cha kitabu kimoja kwa mtoto muda huo, kwa sababu kuvirudisha vitabu ghalani ni gharama. Muulize mhudumu wa meza ni saa ngapi wanaachia, na kama mabaki yamekwisha ahidiwa shule au zahanati fulani. Yakiwa yameahidiwa, chukua kimoja chako.